Kitabu cha Mvua na Pumzi ya Msitu

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka, mjini Bagamoyo)



Kwanza kabisa sina budi kuishukuru Kamati kwa heshima hii. Nilipopata barua ya kunitaka nizungumze juu ya sayansi na mazingira yetu, nilijiuliza nitasema nini mbele ya watu ambao baadhi yao ndio niliokuwa nikinakili hesabu zao. Naona wengine wanacheka, wanajijua. Kwa hiyo nimeona heri nianze na kosa langu mwenyewe, kisha niwapeleke msituni.

Wale tuliosoma hapa miaka ya sabini mtakumbuka kuwa nyuma ya bweni, karibu na shamba letu la mihogo, palikuwa na kiwanja kidogo kilichozungushiwa seng'enge. Ndani yake palikuwa na kipima mvua: faneli ya shaba, chupa chini yake, na mkebe wa nje. Kila siku, saa tatu kamili asubuhi, mwanafunzi wa zamu alikwenda pale, akamimina maji ya chupa katika bilauri yenye mistari, akasoma milimita ngapi, akaandika katika kitabu kikubwa chenye jalada jeusi. Kitabu kile tulikiita kitabu cha mvua, na msimamizi wake alikuwa mwalimu wetu wa jiografia.

Masika ya mwaka 1977 zamu ilinifikia mimi. Mvua ilikuwa kubwa, na mimi nilikuwa mvivu. Siku mbili sikwenda. Siku ya tatu nilikuta chupa imejaa, na maji yamefurika mpaka ndani ya mkebe. Nilipima yote: milimita 94. Sasa nifanye nini? Nikagawanya kwa tatu. Siku ya kwanza nikaandika 31, ya pili 32, ya tatu 31. Nikajiona mjanja kweli kweli.

Jumamosi mwalimu aliniita. Hakunipiga wala hakupaza sauti. Aliniuliza tu, "Tangu lini mvua ya Bagamoyo ikanyesha kwa usawa namna hii, kama posho?" Nikakosa jibu. Akachukua kalamu nyekundu, akafuta tarakimu zangu zote tatu. Mbele ya siku mbili za kwanza akaandika "haikusomwa", na mbele ya siku ya tatu akaandika 94, "jumla ya siku tatu". Kisha akaniambia maneno ambayo sijayasahau mpaka leo: "Siku usiyoipima, iache wazi. Nafasi wazi ni ukweli. Tarakimu ya kubuni ni uwongo uliovaa kanzu."

Ndugu zangu, nilikuja kufanya kazi ya misitu kwa zaidi ya miaka thelathini, na yote niliyojifunza humo naweza kuyafunga katika maneno yale. Wahenga walikwisha sema: mali bila daftari hupotea bila habari. Msitu ni mali. Swali langu la leo ni hili: daftari lake liko wapi, na nani analiandika?

Daftari la msitu lina namna mbili. Mwenye duka huhesabu bidhaa zilizo rafuni mara moja kwa mwaka. Hiyo ni hesabu ya ghala. Lakini pia ana daftari la kila siku: kimeingia nini, kimetoka nini. Mwenye hesabu ya ghala peke yake atajua mwisho wa mwaka kwamba amefilisika, ila hatajua ilikuwa siku gani wala kwa sababu gani.

Nchi yetu imekwisha fanya hesabu ya ghala, na kazi ile inastahili sifa. Kuanzia mwaka 2009 watu wetu wa misitu walizunguka Tanzania Bara nzima, wakapima miti katika maelfu ya viwanja vidogo, unene na urefu, wakachunguza na udongo. Ndipo tulipojua kwa uhakika kuwa tuna misitu na mapori ya hekta milioni 48.1, zaidi ya nusu ya ardhi yote ya Bara, na kwamba tulikuwa tukipoteza zaidi ya hekta laki tatu na nusu kila mwaka. Leo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kina kituo cha taifa cha kufuatilia hesabu za kaboni. Hilo ndilo ghala.

Daftari la kila siku ni jambo jingine, nalo ndilo nataka tulitazame kwa kituo.

Mmefundishwa kuwa mti hula hewa-ukaa mchana. Majani yana vijitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Vinapofunguka ili hewa-ukaa iingie, maji hutoka kama mvuke. Mti hauna hila ya kukwepa jambo hilo: anayetaka chakula sharti atoe maji. Usiku mti, udongo, na wadudu walao majani makavu hurudisha sehemu ya hewa-ukaa angani. Kwa hiyo msitu hupumua, kuingiza na kutoa, kila siku ya Mungu.

Pamoja na hayo kuna habari ya joto. Jua likipiga msitu, joto lake lina njia kuu tatu: kupasha hewa, kupasha ardhi, na kugeuza maji kuwa mvuke. Njia hii ya tatu hula joto jingi mno. Joto linalotosha kuchemsha lita moja ya maji yaliyokuwa baridi kama barafu, sharti ulizidishe zaidi ya mara tano ndipo ligeuze lita hiyo yote kuwa mvuke. Ndiyo maana mzee wa Bagamoyo akitaka kulala mchana hutandika jamvi chini ya mwembe, wala si chini ya bati. Vyote viwili vina kivuli. Lakini mwembe unatumia joto la jua kutoa maji, na bati halina maji ya kutoa.

Basi hewa-ukaa, maji na joto ni hesabu tatu katika daftari moja. Ukitaka kuzisoma pamoja, unajenga mnara mrefu kupita vilele vya miti. Juu yake unaweka chombo kinachopima upepo kwa mlio, bila kitu chochote kinachozunguka. Milio midogo hurushwa kutoka ncha moja hadi nyingine, na chombo hujua kutokana na mwendo wake kama hewa inapanda au inashuka. Ubavuni mwake kipo chombo kingine, chenye miali isiyoonekana, kinachosoma kiasi cha hewa-ukaa na mvuke uliomo katika hewa ile ile. Vyombo hivyo viwili husoma mara kumi hadi ishirini kwa kila sekunde.

Kwa nini haraka hivyo? Mtazame moshi wa jiko la nje wakati wa kusi. Hauendi moja kwa moja, unajipinda, unapanda, unashuka. Hewa juu ya msitu ndivyo ilivyo. Mchana mafungu yanayopanda kutoka mitini yamepungukiwa hewa-ukaa na yamebeba mvuke. Mafungu yanayoshuka yana hewa-ukaa nyingi na mvuke haba. Ukiyahesabu yote kwa nusu saa, unapata salio: msitu umekula kiasi gani, umetoa maji kiasi gani. Mwaka mmoja una nusu saa 17,520. Hizo ndizo kurasa za daftari.

Sasa vijana wetu sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mwalimu wangu angefurahi. Mvua ikilowesha vyombo, usomaji huharibika. Usiku usio na upepo, hewa hulala chini ya miti na mnara haisikii. Nusu saa nyingi hutupwa. Wataalamu hukadiria zile zilizokosekana ili wapate jumla ya mwaka, lakini kila kadirio hutiwa alama, msomaji ajue kipi kilipimwa na kipi kilikisiwa. Tena wanafanya jambo la kiungwana zaidi. Wanalinganisha joto lililoingia kutoka juani na joto waliloliona likitoka, na mara nyingi hesabu haitimii; mia inaingia, themanini na kitu inaonekana. Hawaificha ile tofauti wala hawaigawanyi kwa tatu. Wanaichapisha.

Kazi hii ya minara ilianza kuenea duniani katika miaka ya 1990, na leo vituo vyake ni mamia. Vingi viko Ulaya na Marekani. Kwetu Afrika ni vichache mno. Afrika Kusini kipo cha Skukuza, ndani ya hifadhi ya Kruger, kilichoanza mwaka 2000. Karibu na Mongu, Zambia, mnara ulijengwa katika msitu wa miombo, ndugu wa miombo yetu. Mtu aliyekaa miomboni anajua kuwa miti ile hutoa majani mapya mekundu mwezi wa Septemba, kabla tone la mvua halijaanguka, kwa maji iliyoyaweka akiba. Ni mahali kama hapo daftari la kila siku linapofaa, kwa sababu macho huona majani mapya, lakini hayawezi kuona maji mangapi yametumika.

Kituo kimoja napenda nikitaje zaidi, kwa sababu kinahusu mti tunaoujua. Kiko Australia Magharibi, katika mapori makavu ya mikaratusi yenye eneo la hekta milioni 16 hivi. Mvua yao ya mwaka ni kama theluthi moja ya mvua ya Bagamoyo, nayo huja ipendapo. Hata hivyo mikaratusi yao hurefuka kupita mita 20. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 mnara uliopo pale umekuwa ukiandika hewa-ukaa, maji na joto mchana na usiku.

Wataalamu wa nchi kavu wamejifunza kuwa mapori haya si ghala tulivu. Mwaka 2011, baada ya mvua kubwa, nchi kavu za kusini mwa dunia, Australia ikiwa mbele, zilivuta hewa-ukaa nyingi kupita kawaida, kiasi kwamba mizani ya dunia nzima iliguswa. Habari hiyo ilitolewa mwaka 2014 katika jarida la Nature. Lakini ukame uliporudi, faida ile ilififia upesi. Aliyepima mwaka wa neema peke yake angesema mapori haya ni hazina. Aliyepima mwaka wa kiangazi peke yake angesema hayana kitu. Wote wawili wangekuwa wamesoma ukurasa mmoja wa kitabu kizima.

Ndugu Mwenyekiti, labda wapo wanaojiuliza mkaratusi wa Australia unatuhusu nini. Naomba niungame kosa langu la pili.

Katika miaka ya themanini nilikuwa kijana mwenye baiskeli ya kazi na maneno mengi. Tulihimizwa kupanda miti, na mkaratusi hukua upesi, hutoa nguzo na kuni. Katika kijiji kimoja upande wa Ruvu wazee waliniuliza, "Bwana miti, mikaratusi hii haitakunywa kisima chetu?" Nikawajibu papo hapo, kwa sauti ya kitabuni, kwamba miti huleta mvua, kwa hiyo wapande tu. Wakapanda, karibu na bonde la kisima. Baada ya miaka michache kisima kikakauka kabla ya vuli. Wengine wakalaumu mikaratusi, wakaikata usiku. Wengine wakalaumu mvua haba. Majirani wakanuniana. Mimi nikaitwa niamue, na sikuwa na la kusema. Hakuna mtu aliyekuwa amepima kina cha maji ya kisima, hata mara moja, kabla ya miti wala baada yake. Mpaka leo sijui kama kosa lilikuwa la miti au la mwaka. Najua tu kwamba niliwapa wale wazee tarakimu ya kubuni, ingawa niliitamka kwa maneno.

Na kumbe elimu ilikuwapo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, watafiti wa Afrika Mashariki waliokuwa na makao yao Muguga, Kenya, walipima mabonde ya mito pacha, moja lenye msitu na moja lenye mashamba. Mabonde mawili kati ya hayo yalikuwa Mbeya. Ilionekana kuwa bonde la mashamba lilitoa maji mengi zaidi kwa mwaka kuliko bonde la msitu, kwa sababu msitu unakunywa. Huko Mokobulaan, Afrika Kusini, walipanda mikaratusi bondeni mwaka 1969. Mwaka wa tisa kijito kikakauka kabisa. Walipoikata, ilichukua miaka mitano kijito kurudi.

Msinielewe vibaya. Sisemi tukate miti. Msitu hushika udongo na huchuja maji. Hutia ubaridi, tena hutunza kaboni na viumbe wasiohesabika. Nasema kila mti una bei yake katika maji, na bei hiyo hulipwa mahali fulani na watu fulani. Nilipaswa kuwaambia wale wazee, "Sijui. Tupime."

Kwa nini nasema haya Bagamoyo, na kwa nini leo? Kwa sababu mambo matatu yanakutana hapa petu.

La kwanza ni maji. Mtambo wa Ruvu Chini, uliomo katika wilaya hii, umepanuliwa hata unaweza kutoa lita milioni 270 kwa siku kwa ajili ya Dar es Salaam na majirani zake. Lakini mtambo haufanyi mto. Mwaka 2022 mvua zilipokosekana Ruvu ilipungua, na jiji likagawiwa maji kwa zamu. Tuliona ndoo zimepangwa foleni.

La pili ni mkaa. Mwaka 2010 wataalamu walitoa uchunguzi uliolinganisha misitu iliyozunguka Dar es Salaam mwaka 1991 na mwaka 2005. Waliona uharibifu ukitoka jijini kama mawimbi: mbao za thamani hutangulia kwisha, kisha mbao hafifu, kisha hufika tanuri la mkaa. Wimbi lilisogea hadi kilomita 9 kwa mwaka. Sisi wenye umri huu hatuhitaji ramani. Tulipokuwa wanafunzi mkongo na mpingo tuliviona kando ya njia tukienda kuokota kuni. Leo mwenye kutaka kuona msitu mnene wa pwani upande wetu wa kaskazini aende Zaraninge, ng'ambo ya Wami, uliopona kwa kuwa ulihifadhiwa na sasa umo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa mwaka 2005.

La tatu ni fedha. Siku hizi kaboni ya msituni inauzwa. Serikali ilitoa kanuni za biashara hiyo mwaka 2022, na Wahadzabe wa Bonde la Yaeda walikwisha anza kulipwa kwa kuulinda msitu wao miaka mingi kabla ya hapo. Ni jambo jema. Lakini wageni wenye mikoba watafika na huku kwetu, na watafika na tarakimu. Kijiji kisicho na daftari lake kitapokea daftari la mnunuzi. Nani amewahi kuona mnunuzi akapima akajipunja?

Najua mnara mmoja wa namna niliyoeleza ni ghali, na shule yetu ina paa la kuezeka upya. Siombi mnara. Lakini kila mnara huanza na mtu aliye tayari kusoma saa ile ile, kila siku. Kule Mauna Loa, Hawaii, Charles David Keeling alianza kupima hewa-ukaa mwaka 1958. Ilikuwa kama sehemu 315 katika milioni. Sasa imepita 420. Mwaka 1964 fedha zilikatwa, na kwa miezi kadhaa hapakupimwa kitu. Ukiutazama mstari wake leo, ile nafasi bado iko pale, wazi. Hakuna aliyeificha, na dunia nzima inauamini mstari ule.

Miaka kadhaa iliyopita nilirudi hapa shuleni kutafuta kitabu chetu cha mvua. Nilitaka kuzilinganisha masika za zamani na za siku hizi. Tulitafuta makabatini na stoo. Hakikuonekana. Seng'enge haipo, na kiwanja kimeota mitumba ya minazi. Sikumlaumu mtu. Sisi tuliokiandika hatukuwahi kurudi kukiuliza kwa zaidi ya miaka thelathini. Ile 94 niliyoifisha kwanza, kisha ikafufuliwa na mwalimu kwa wino mwekundu, imepotea pamoja na kazi ya siku zote ambazo wenzangu walipima kwa uaminifu.

Kwa hiyo nina maombi matatu, halafu nitakaa.

Kwanza, nimekuja na kipima mvua kimoja. Kiko ndani ya gari. Naomba Mkuu wa Shule akipokee, na vijana wachague mahali pa wazi, mbali na miti na mapaa.

Pili, naomba Jumuia yetu igharimie kamba za kupimia na rangi, ili wanafunzi watie alama miti mia moja katika kipande cha msitu wa karibu na kingine cha mikoko, waipime unene mara moja kila mwaka, mwezi ule ule, mahali pale pale shinani. Vilevile kina cha kisima cha shule kipimwe kila Jumatatu. Kamba na jiwe vinatosha.

Tatu, kila mwaka nakala ya kitabu ichapishwe katika gazeti letu hili, na nyingine ipelekwe Morogoro kwa wataalamu. Kitabu kikiwa sehemu tatu, mchwa watachoka.

Na ninyi vijana, iko siku mtalala. Iko siku mpira utawanogea, au mvua itawatisha. Haidhuru, nasi tulikuwa hivyo. Siku hiyo andikeni "haikusomwa", mtie sahihi, mwendelee kesho saa tatu.